Maswali ya Wasomaji: Grini, Kola na Mashine ya Kukata Nyasi

Barua za safari hii karibu zote zimetua mahali pamoja: zile hatua chache zinazozunguka grini ya uwanja wa gofu. Hatushangai. Grini hukatwa kila siku na kuangaliwa kwa makini, lakini ukanda wa pembeni huachiwa yeyote aliyebaki na mashine, na hapo ndipo mchezaji anapoteza mapigo mawili matatu asijue yameenda wapi. Kwa wasiozoea: grini ni eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo. Kola ni ukanda mwembamba unaoshika ukingo wa grini, kwa kawaida upana wa sentimita 60 hadi 90. Eproni ni nyasi fupi za mbele zinazoiunganisha grini na fewei, yaani njia kuu ya nyasi zilizokatwa kutoka eneo la kuanzia. Rafu ni nyasi ndefu.

Ndugu wataalamu, mpira wangu ukikosa grini kwa hatua tatu nne, napiga pigo la chini ili udunde mara moja kwenye eproni kisha ubiringike hadi shimoni. Mara nyingi unafia palepale unapodunda, na nyasi zimekatwa fupi kabisa. Nakosea wapi?
*Mchezaji, Nakuru*

Huenda pigo lako halina kosa. Urefu wa nyasi ni sehemu tu ya hesabu. Yapo mawili mengine ambayo jicho haliyaoni haraka: tabaka la mashina na mizizi iliyokufa chini ya majani, na upande ambao majani yamelala.

Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, na zimesambaa hadi Riviera Country Club kule Los Angeles, ambako wachezaji wa kulipwa wanahangaika nazo kama wewe. Kikuyu hutambaa juu ya ardhi na chini yake kwa wakati mmoja, na zisipochanwa hujisuka zikawa godoro. Mpira ukiangukia hapo, godoro hunyonya mdundo wote. Fundi anaweza kukata hadi milimita 10 na godoro likabaki vilevile, kwa sababu mashine inapita juu yake. Ili kujua, mwombe fundi wa uwanja akate kipande kidogo kwa kisu na kukinyanyua. Pima lile tabaka la kahawia linalobonyea kati ya majani mabichi na udongo. Likizidi sentimita 1 hadi 1.5, mpira hautadunda hata ukate vipi.

La pili ni mlalo. Simama nyuma ya mpira utazame kuelekea shimo. Nyasi zikionekana nyeupe zinazong'aa, zimelala kuelekea unakopiga, na mpira utateleza. Zikionekana nzito, za kijani iliyoiva, zimelala kukuelekea wewe. Hapo mpira unashikwa, na ncha ya chini ya fimbo inachimba. Klabu ya Augusta National, kule Georgia, Marekani, wanafanya hivi kwa makusudi: fewei zao hukatwa kutoka grini kurudi kwenye eneo la kuanzia, majani yakamwelekea mchezaji. Kwenu inawezekana kabisa ni mazoea tu ya dereva anayepita njia ileile kila siku.

Kwako wewe: nyasi zikikuelekea, acha kudundisha kwenye eproni. Chukua weji (fimbo ya kuinua mpira) yenye tako pana, lenye pembe ya nyuzi 10 hadi 14, angusha mpira juu ya grini yenyewe na ukubali ubiringike kidogo. Fimbo ya kusukumia nayo ni chaguo zuri ikiwa umbali wa nyasi hauzidi mita mbili, ila ongeza nguvu kwa sababu mita ya kwanza ndiyo inayokula mwendo.

Kwa klabu: mwanzoni mwa masika, nyasi zikiwa na nguvu ya kurudi, eproni ichanwe kwa visu vya wima, taka zote zitolewe, kisha umwagwe mchanga mkavu unene wa milimita 2. Kwa eneo la mita za mraba 1,000 hiyo ni mita 2 za ujazo. Baada ya hapo eproni ikatwe kwa kukingama, yaani kutoka kushoto kwenda kulia mwa njia ya mpira, na upande ubadilishwe kila mara. Majani yakisimama wima, pigo lako la kudundisha litarudi lenyewe.

Bwana Mhariri, mimi ni fundi wa nyasi. Kola zetu zinakonda na kuwa za njano, hasa pande mbili ambako mashine inageuzia. Tumeongeza mbolea na maji, hali ikazidi. Mashine yetu ni ya kukalia yenye rili tatu, yaani mitungi ya visu inayozunguka.
*Fundi, Eldoret*

Acheni mbolea kwanza. Ugonjwa wenu ni wa magurudumu. Kila grini inapokatwa, mashine huingia na kutoka mara nyingi, na kila mara gurudumu husokota juu ya kola. Msokoto huchana majani na kugandamiza udongo, mizizi ikakosa hewa. Ukimwaga maji juu ya udongo uliogandamana unapata matope juu na ukame chini. Njano ile mara nyingi ni mizizi kukosa hewa, nayo mbolea haiwezi kuitibu.

Anza na njia ya mashine. Nyanyua rili mara tu zinapovuka ukingo, endelea mbele moja kwa moja mita tatu au nne, kisha zunguka kwa umbo la tone la maji, pole pole, ukiwa nje kabisa ya kola. Pale ambapo banka (shimo la mchanga) au mteremko unakubana huna nafasi, weka mbao za plywood au mikeka mizito na ugeuzie juu yake. Mwelekeo wa kukata ubadilike kila siku kama mishale ya saa: leo kutoka 12 kwenda 6, kesho 3 kwenda 9, kesho kutwa mshazari. Hapo mahali pa kugeuzia hapatapigwa siku mbili mfululizo.

Halafu kuna mzunguko wa mwisho, ule wa kusafisha ukingo. Huo ndio unaoumiza kuliko yote, kwa sababu magurudumu yanapita mstari uleule kila asubuhi, na baada ya miezi michache unaona pete iliyobonyea kuizunguka grini. Uruke siku moja kila baada ya siku moja. Wachezaji wengi hawatagundua. Kama klabu ina mashine ya kusukuma kwa mkono, mzunguko huo upigwe nayo tu. Kama haina, ingiza mashine ya kukalia ndani kwa sentimita 30 siku moja moja ili gurudumu lipate mstari mwingine.

Sasa mtibu mgonjwa. Toboa kola kwa vyuma vyenye tundu vya milimita 12, kina cha sentimita 7 hadi 10, ondoa vipande vya udongo vyote, jaza matundu kwa mchanga uleule mnaotumia kwenye grini. Pandisha kimo cha kukata kwa muda: kama kola ilikuwa milimita 8, iende 11 hadi majani yafunge. Angalia pia bomba la dawa. Dereva wa mashine ya kunyunyizia akigeuza bila kufunga koki, kola hupata dozi mara mbili, iwe mbolea au dawa ya kupunguza ukuaji, na dozi mbili za dawa hiyo huonekana hasa kama ulivyoeleza: nyasi za njano zilizodumaa.

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau. Weka ubao ulionyooka wa mita tatu, nusu juu ya grini na nusu juu ya kola, na juu yake weka pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha usawa. Je, kola imekuwa tuta? Kila mchanga wa grini unapoburutwa kwa brashi, kiasi fulani hubaki pale brashi inapogeuka. Ukikusanyika miaka mingi unakuwa ukuta mdogo unaozuia maji ya mvua kutoka. Ukikuta hivyo, kutoboa hakutoshi. Kateni nyasi za kola katika vipande vya unene wa sentimita 2 hadi 3, vipangeni kivulini kwa utaratibu wake, ondoeni mchanga uliozidi hadi mteremko utoke nje, rudisheni vipande, bingirisheni roli nyepesi na mwagilieni siku hiyohiyo. Fanyeni grini moja kwa wakati. Ni kazi ya kuchosha, lakini hatujui njia ya mkato inayodumu.

Mpira wangu ulikuwa kwenye kola na mbele yake kulikuwa na mchanga waliomwaga mafundi. Mwenzangu alinikataza kuupangusa. Alikuwa sahihi?
*Mchezaji, Arusha*

Alikuwa sahihi. Kwa Kanuni za Gofu, kola si sehemu ya grini. Mchanga na udongo uliolegea unaruhusiwa kuondolewa juu ya grini tu. Ukiupangusa kwenye kola umeboresha njia ya pigo lako, na adhabu ni mapigo mawili katika mchezo wa kuhesabu mapigo, au kupoteza shimo katika mchezo wa ana kwa ana. Hali ni ileile hata mpira ukiwa juu ya grini na njia yake inakatiza kola. Ila mchanga ukirushwa na pigo la mwenzako kutoka kwenye banka baada ya mpira wako kusimama, una haki ya kurudisha hali ilivyokuwa. Majani yaliyokatwa na kuachwa na mashine ni habari nyingine: hayo yameshatengana na ardhi, unaweza kuyaondoa popote, alimradi mpira usisogee.

Kamati yetu imeona kwenye televisheni viwanja ambavyo pembeni mwa grini hakuna rafu, nyasi ni fupi tu na mpira unaporomoka mbali. Tungependa kufanya hivyo kwenye grini zote 18. Tunaanzaje?
*Mjumbe wa kamati ya uwanja, Mombasa*

Pengine mliona Pinehurst No. 2, North Carolina. Wabunifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw waliukarabati uwanja ule mwaka 2010 na 2011 na kuondoa rafu. Mwaka 2014 Martin Kaymer alishinda US Open pale kwa tofauti ya mapigo 8, na mara kwa mara alipokuwa nje ya grini alichukua fimbo ya kusukumia badala ya weji. Huo ndio uzuri wa nyasi fupi: mchezaji wa kawaida anapata pigo analoliweza, na mchezaji hodari anapewa chaguo tatu nne za kumtia mashaka. Rafu ndefu huwaamulia wote pigo moja. Sisi tunapenda sana nyasi fupi na tungependa kuziona viwanja vingi zaidi vya kwetu.

Lakini fanyeni hesabu kabla ya kushusha visu. Grini ya duara yenye mita za mraba 500 ina nusu kipenyo cha mita 12.6. Ukiizungushia nyasi fupi upana wa mita 5, umeongeza takriban mita za mraba 475, karibu grini nyingine nzima. Mara 18, ni zaidi ya mita za mraba 8,500 zinazohitaji mashine ya rili mara tatu au nne kwa wiki, maji, mchanga na mtu wa kujaza vidonda vya fimbo, yaani mashimo ya nyasi zilizong'olewa na mapigo. Eneo hilo likiachwa wiki moja wakati wa mvua, mtakuwa na nyasi mbovu kuliko rafu mliyoiondoa.

Ushauri wetu: chagueni grini tatu, na katika kila moja upande mmoja tu, ule ambao ardhi tayari inateremka vizuri. Epukeni mteremko unaoishia bwawani, kwa sababu kila pigo lililokosa kidogo litazama na mchezo utakwama. Epukeni pia bonde dogo lisilo na mfereji. Nyasi fupi hukusanya mipira yote mahali pamoja, vidonda vya fimbo vinakuwa pamoja, na maji nayo yakituama hapo mnabaki na tope.

Kwenye pwani mna ukoka au paspalumu, na zote mbili zinastahimili kukatwa milimita 10 hadi 12. Shukeni kwa ngazi, nyasi zikiwa zinakua: kutoka milimita 40 kwenda 30, kisha 22, kisha 16, kisha 12, na katikati ya kila ngazi siku saba hadi kumi na angalau kukata mara mbili. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Mkishusha siku moja mtakata mashina, eneo litageuka rangi ya makuti, na magugu yatakuwa ya kwanza kuingia. Mkishafika 12, kanuni hiyohiyo inawaambia kurudi na mashine kabla nyasi hazijafika 18.

Baada ya kukata eproni inaonekana ina mawimbi madogo kama bati. Kisu tumenoa. Tatizo liko wapi?
*Fundi, Kericho*

Mawimbi yakikingama njia ya mashine, tafuteni kwenye mwendo. Kila jembe (ubapa) la rili linapopita kwenye kisu cha chini linakata mara moja, na kati ya kukata mara moja na nyingine mashine imesogea mbele umbali fulani. Umbali huo unapaswa kukaribiana na kimo cha kukata. Ukiuzidi sana, kati ya mikato hubaki matuta.

Chukueni rili ya majembe 8 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika: ni mikato 12,000. Mashine ikienda kilomita 8 kwa saa, inasafiri takriban milimita 133,000 kwa dakika. Gawanyeni: kila mkato ni milimita 11. Kwa kimo cha 12 hiyo ni safi. Dereva akiwahi kumaliza akaenda kilomita 11 kwa saa, mkato unafika milimita 15, na hapo ndipo bati linapotokea. Dawa ni kupunguza mwendo, au kufunga rili ya majembe 11. Hesabu hii inahusu mashine ambazo rili huzungushwa kwa haidroliki. Kwenye nyingi za kusukuma kwa mkono, rili imefungamana na mwendo wa magurudumu, kwa hiyo kwenda pole pole hakubadilishi kitu.

Mwendo ukiwa sawa na mawimbi yakabaki, zimeni injini, chomoeni waya wa plagi, vaeni glavu nene na mkague kwa mkono. Pitisheni ukanda wa karatasi ya gazeti kati ya rili na kisu cha chini huku mkizungusha rili taratibu. Ukatike safi upande wa kushoto, katikati na kulia. Ukikatika pembeni na kukunjika katikati, rili imelika na inahitaji kusagwa, kunoa kwa unga hakutasaidia. Kisha shikeni roli ya mbele muitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha na mashine inaruka ardhini bila nyinyi kuona. Mwisho, pimeni kimo kwa upau wa kupimia ncha zote mbili za kisu. Tofauti ya milimita moja kati ya kushoto na kulia huacha ngazi ambayo mpira unaihisi.

Na badilisheni mwelekeo. Hata mawimbi madogo hukomaa mashine ikipita njia moja kila siku.

Kwa nini mafundi hukata alfajiri, wakati nyasi zina umande?
*Kedi, Thika*

Ili wamalize kabla yenu. Umande wenyewe hauwafai: majani mabichi huganda kwenye rili na kudondoka kwa mabonge, na bonge moja likibaki kwenye kola mchana kutwa linaacha doa la njano. Ndiyo maana unawaona wakiburuta mpira mrefu wa maji au kupitisha fito ndefu juu ya grini kabla ya kukata. Wanaangusha umande kwanza.

Wazee wa klabu wanasema grini zetu zamani zilikuwa kubwa. Inawezekana grini kupungua?
*Mchezaji, Moshi*

Inawezekana, na hutokea karibu kila uwanja. Fundi akiogopa kuchubua kola, huingia ndani sentimita mbili tatu. Anayemfuata hufuata mstari aliouona. Grini ya mita za mraba 500 ikipungua mita moja tu kuizunguka, imepoteza kama mita za mraba 76, yaani asilimia 15, na zinazopotea kwanza ni zile kona ambako shimo zuri lingewekwa. Shimo likibaki katikati kila wiki, nyasi za hapo nazo zinachoka.

Ukingo wa zamani bado upo chini ya ardhi. Chukueni bomba la kupimia udongo, mchome kutoka ndani ya grini kwenda nje kila sentimita 30. Mkiwa ndani mtatoa mchanga mtupu; mkifika ulipoisha mchanga na kuanza udongo wa kawaida, hapo ndipo grini ilipokuwa inaishia. Wekeni alama ya rangi, unganisheni alama zote, muione sura yake kamili kabla ya kuamua.

Kurudisha kwake kunategemea nyasi. Kama kola ni aina ileile ya grini, shusheni kimo milimita moja kila wiki moja au mbili, mkitia mchanga kidogo kila mara, hadi zilingane. Kama kikuyu au ukoka wa mwituni umeshaingia, kushusha kimo hakutawapa grini hata mkisubiri mwaka. Hapo ng'oeni ukanda wote, ongezeni mchanga wa grini, na pandikizeni nyasi kutoka kwenye kitalu chenu. Kila mwezi pitisheni kisu cha ukingo kina cha sentimita 10 kuizunguka kola ili vitambazi visirudi, na dereva wa mashine apewe mstari wa rangi wa kufuata kwa miezi mitatu ya kwanza.